Tunahesabu Walaji, Hatupimi Kazi

Ukitaka kuchimba kisima cha kisasa shambani kwako, hata kama ni robo ekari kule Kitengela, Mamlaka ya Rasilimali za Maji haikupi kibali mpaka ulete ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. Lazima aje na vyombo vyake, apime, aandike maji yako kina gani na visima vya majirani viko umbali gani, kisha atie saini. Ukitaka kujenga ghorofa, kaunti inadai michoro ya msanifu na ya mhandisi, kila mmoja na nambari yake ya usajili. Raia haruhusiwi kukosea ovyo hata kwa pesa zake mwenyewe. Na hilo ni sawa kabisa.

Mimi ninayo shida na Kimwarer.

Septemba 2019 Ikulu ilitoa taarifa kuhusu mabwawa mawili ya Elgeyo-Marakwet, Arror na Kimwarer. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameunda kamati ya wataalamu iyachunguze. Kamati ilikuta kwamba bwawa la Kimwarer, lililopangiwa shilingi bilioni 22.2, halikuwa na upembuzi yakinifu wowote wa karibuni wa kutegemewa. Uliokuwepo ni uchunguzi wa awali wa mradi unaofanana nao, uliofanywa miaka 28 kabla. Na uchunguzi huo mkongwe ulikuwa umeonya jambo moja la maana: kuna ufa wa kijiolojia unaokatiza eneo lile la ekari 800, na ufa huo ungeathiri uimara wa bwawa. Mradi ukafutwa. Arror, lililokuwa la bilioni 28.3, likapunguzwa likawa la bilioni 15.4.

Hebu isome hiyo aya tena polepole. Karatasi pekee iliyokuwepo ilisema pana ufa. Mkataba wa mkopo ukatiwa saini 2017. Malipo ya awali, mabilioni, yakatoka. Mtu wa Kitengela na kisima chake alikuwa ameulizwa maswali mengi kuliko Jamhuri ya Kenya.

Sasa sisi wananchi tulifanya nini na habari hiyo? Tulifanya tunachokifanya siku zote: tukauliza nani alikula. Julai 2019 watu walikuwa wameshakamatwa, magazeti yakajaa picha za waheshimiwa wakipanda ngazi za mahakama, na mitandaoni kila mtu akawa hakimu. Miaka minne ikapita. Desemba 2023 kesi ikaanguka, washtakiwa, akiwemo Henry Rotich aliyekuwa Waziri wa Fedha, wakaachiliwa huru. Mahakama imesema yake na mimi sina la kuongeza hapo. Ninachosema ni kwamba siku kesi ilipoisha, mazungumzo nayo yaliisha. Swali la pili, la bwawa kupangwa juu ya ufa, halikuwa na mshtakiwa, halikuwa na wakili, halikuwa na tarehe ya kutajwa. Hakuna afisi yoyote katika nchi hii ambayo kazi yake ni kuliuliza mpaka lijibiwe.

Najua nitakachosema sasa kitawaudhi wengi, hasa wale wenzangu tunaokesha tukisoma ripoti za Mkaguzi Mkuu na kupiga kelele. Wizi si hasara kubwa kuliko zote katika kandarasi za serikali. Hasara kubwa ni kutopima. Mradi unaweza kujengwa bila senti moja kuibwa, kila risiti ikiwa mahali pake, kila mfuko wa saruji umehesabiwa, na bado ukawa mzigo kwa wajukuu kwa sababu haukufaa kujengwa, au haukufaa kujengwa hapo, au kwa ukubwa huo. Mwizi akipatikana, angalau kuna kitu cha kurudisha. Ukijenga kisichohitajika kwa uaminifu kamili, utamdai nani?

Chukua reli. Naipenda Madaraka Express, niseme ukweli. Nimeipanda mara nyingi, na kuvuka Tsavo mchana ukitazama tembo dirishani ni starehe ambayo basi la usiku halijawahi kunipa. Lakini reli ya Mombasa hadi Nairobi haikujengwa kwa shilingi bilioni 327 ili mimi nione tembo. Ilikopewa kwa hoja ya mizigo. Tuliambiwa ina uwezo wa kubeba tani milioni 22 kwa mwaka, malori yataondoka barabarani, bei ya kusafirisha kontena itashuka, na mapato yatalipa deni. Hoja hiyo ilikuwa na karatasi nyuma yake, na swali la maana ni nani aliyeiandika.

Aliyeiandika ni mkandarasi. Mwaka 2009 serikali na kampuni ya China Road and Bridge Corporation ziliweka mkataba wa maelewano kwamba kampuni hiyo ifanye upembuzi yakinifu bila kuitoza Kenya hata shilingi. Ikafanya. Ikapata kwamba, naam, reli inafaa. Kisha kampuni iyo hiyo ikapewa kazi ya kuijenga. Wahenga wetu walishalizungumzia jambo hili zamani, la kesi ya ngedere kupelekewa nyani, ila hawakufikiri kwamba nyani angejitolea kusikiliza kesi bure.

Manake utafiti wa bure ndio utafiti ghali kuliko wote. Kampuni inayotegemea kujenga haiwezi kukuambia usijenge. Huhitaji kuwashuku watu wake kwa lolote, wanaweza kuwa wahandisi hodari na waungwana. Fundi wa viatu ukimuuliza kama viatu vyako vinahitaji soli mpya, atakuambia nini? Na wakati huohuo, mwaka 2013, Benki ya Dunia ilikuwa imetoa andiko lake kuhusu reli za Afrika Mashariki, likisema kukarabati reli ile ya zamani kungegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya reli mpya, na kwamba mizigo iliyokuwepo haikutosha kuhalalisha reli mpya. Sina mazoea ya kuitetea Benki ya Dunia. Waliozaliwa kabla ya miaka ya tisini wanakumbuka ushauri wake ulivyotufanya katika hospitali na shule. Labda walikosea na hapa pia. Lakini palikuwa na karatasi mbili zinazopingana, na katika nchi inayojiheshimu karatasi mbili zinazopingana huwekwa mezani hadharani, watu wa tatu wakaitwa wazilinganishe. Sisi tulichagua ile iliyokuja na mkopo.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya bei yenyewe. Treni zilipoanza, mizigo haikuja kama ilivyotabiriwa. Hata kufikia 2023 reli ilikuwa ikibeba chini ya tani milioni 7 kwa mwaka. Serikali ilipoona utabiri hautimii, haikurudi kuukagua. Iliugeuza amri. Agosti 2019 waagizaji waliambiwa makontena ya kwenda Nairobi na bara yapande treni, mtu asichague lori. Mombasa watu wakaandamana: madereva, watu wa maghala, mama wa vibanda vya chai kando ya barabara ya Changamwe na Mariakani, mafundi wa magurudumu. Mji mzima ulikuwa ukiadhibiwa kwa kosa la kutofanana na jedwali la mtu fulani. Amri ile ilibishaniwa, ikalegezwa, ikarudi kwa sura nyingine, mpaka Septemba 2022 Rais Ruto alipoapishwa na kutangaza kwamba shughuli za bandari zinarudishwa Mombasa. Kwa hiyo miaka mitatu ya riziki za watu ilitumika kujaribu kuilazimisha dunia ifuate upembuzi yakinifu uliotolewa bure.

Na tunaendelea kulipa. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, ulioanza kwa asilimia 1.5. Mama mboga ambaye hajawahi kulitia jicho treni anachangia kila akinunua sufuria.

Mahakamani nako tulienda. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema Shirika la Reli lilikiuka sheria ya ununuzi wa umma; baadaye Mahakama ya Juu ikaliona jambo hilo kwa jicho jingine. Mawakili wataubishania uamuzi huo miaka mingi na ni haki yao. Lakini angalia walichokuwa wakibishania: utaratibu. Je, zabuni ilitangazwa? Je, sheria ilimruhusu fulani kupewa kazi moja kwa moja? Hayo ni maswali ya halali, ila hata yangejibiwa yote kwa ndiyo, reli ingekuwa na mizigo ileile na deni lileile.

Katiba yenyewe inajua tofauti hii. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu athibitishe kama pesa za umma zimetumika kisheria na kwa njia yenye kuleta matokeo. Mambo mawili. Lile la kwanza tunalifuata kwa bidii, kwa risiti na stakabadhi na kamati za Bunge zinazofoka mbele ya kamera. La pili ni yatima. Ukaguzi wa ufanisi upo, sheria ya ukaguzi ya 2015 inauruhusu, na baadhi ya ripoti zake ni nzuri mno, lakini nani umesikia akiisoma moja redioni? Kichwa cha habari kinataka neno "zimetoweka". Pesa zilizotumika zote na kununua kitu kisichofanya kazi hazijatoweka, bana, zipo pale, zimesimama, zina lango na mlinzi.

Watu wa vyuo vikuu wakifika hapa hukohoa na kusema: ndiyo maana utafiti uongezewe pesa. Wana hoja, na wana sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kila mwaka kwenye Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Hebu tufanye hesabu ambayo waliopitisha sheria hiyo bila shaka hawakuifanya. Pato la taifa mwaka 2023 lilikuwa karibu shilingi trilioni 15. Asilimia 2 yake ni bilioni 300. Yaani Bunge liliamuru kwamba kila mwaka, tena na tena, Kenya itumie kwa utafiti pesa zinazokaribia bei ya reli ya Mombasa hadi Nairobi. Hakuna mwaka ambao Hazina Kuu imekaribia hapo, hata kwa mbali. Mimi naona sheria ya namna hiyo ni tusi la adabu. Ukimwahidi mtoto baiskeli unaweza kulaumiwa usipoileta. Ukimwahidi ndege, watu watacheka tu, nawe utakuwa umetoka salama.

Lakini wasomi nao wasinifurahie haraka. Mtu akija na bilioni 300 kesho asubuhi, sehemu kubwa itakwenda kwenye warsha za Naivasha na ripoti za jalada la kung'aa. Tumeshaona utafiti wa serikali ukitumiwa kama pambo. Mradi wa vishikwambi vya shule za msingi ulipitia vyuo viwili vya umma, Jomo Kenyatta na Moi, kila kimoja kikiwa na mshirika wake wa kigeni, na tuliambiwa hiyo ndiyo safari ya Kenya kuwa mtengenezaji. Kuunganisha vipande vilivyoletwa kwenye makasha ni kazi, siidharau, ila tuite kwa jina lake. Kilichohitaji utafiti hasa kilikuwa kitu kisichong'aa hata kidogo: mtoto wa darasa la kwanza mwenye kishikwambi anasoma vizuri kuliko asiye nacho? Wape shule mia moja, wanyime mia moja, subiri miaka miwili, pima. Gharama yake ni makombo ukilinganisha na kununua vifaa zaidi ya milioni moja, na ilipaswa kufanywa kabla ya kuvinunua.

Mtu atasema: wewe unataka nchi isubiri karatasi milele. Huyu huwa mhandisi, na mara nyingi ni mtu ninayemheshimu. Atanikumbusha Reli ya Uganda ya 1896 iliyochekwa bungeni London kuwa ya wendawazimu, na leo Nairobi yenyewe ipo kwa sababu yake. Ni kweli. Ila ile ililipiwa na mlipa kodi wa Uingereza, zaidi ya pauni milioni 5, na kwa maisha ya maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi, na kwa ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Ikiwa huo ndio mfano wetu wa mradi uliofaulu bila kupimwa, basi tuuseme na gharama zake zote.

Mimi nina mfano mwingine, nao ni wa hapahapa. Olkaria. Mwaka 1956 vilichimbwa visima viwili vya kutafuta mvuke kule Hell's Gate. Havikuleta kitu cha kutumika, kazi ikasimama. Hakuna aliyekwenda kukopa mabilioni ajenge kituo cha umeme juu ya visima vilivyonyamaza. Miaka ya sabini, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, watafiti wakarudi na vipimo bora, wakachora ramani ya joto la chini, wakachagua mahali, wakachimba tena, wakapima kila kisima kinatoa nini na kwa muda gani. Mtambo wa kwanza ukawashwa 1981, wa megawati 15 tu. Mdogo. Ukatazamwa unavyokwenda, ukaongezwa wa pili, wa tatu, ikawa 45 kufikia 1985. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi hii unatoka ardhini. Na mwaka 2008 serikali iliunda kampuni nzima ya kuendeleza mvuke, ambayo kazi yake ni kubeba hatari ya kuchimba visima ambavyo huenda vikawa vikavu. Hiyo ndiyo serikali inayoelewa utafiti ni nini: inalipia jibu la "hapana" kwa sababu inajua thamani yake. (Wamaasai waliohamishwa kwa ajili ya Olkaria IV wana malalamiko yao, na ni ya haki. Kupima mwamba hakukusamehe kupima watu.)

Vilevile Ruiru 11. Ugonjwa wa chulebuni ulipoyakaanga mashamba ya kahawa miaka ya sitini, watafiti wa Ruiru walikaa zaidi ya miaka kumi wakichanganya mbegu, na 1985 wakatoa mbuni unaostahimili. Hakukuwa na utepe wa kukata miaka yote ile. Fikiria waziri wa leo akiambiwa asubiri mihula mitatu ya uchaguzi.

Ninachotaka ni kidogo kuliko asilimia 2. Upembuzi yakinifu wa kila mradi wa mkopo uchapishwe wote, majedwali na ramani, kabla ya saini, mahali ambapo mwanafunzi wa jiolojia wa Eldoret anaweza kuupakua na kusema, jamani, hapa pana ufa. Mikataba ya mkopo wa SGR yenyewe tuliionea Novemba 2022, tena sehemu tu, miaka mitano baada ya treni kuanza. Aliyefanya upembuzi asipewe kazi ya kujenga, yeye wala dada yake wala kampuni yenye bosi mmoja. Alipwe na Hazina ya Utafiti, alipwe vizuri, na alipwe sawasawa akisema jengeni au akisema msijenge. Na mwaka wa tano baada ya kufunguliwa, Mkaguzi Mkuu arudi na ile karatasi ya kwanza mkononi, asome mstari kwa mstari: mlisema tani ngapi, ni ngapi? Mlisema ekari ngapi zitanyweshwa, ziko wapi? Jina la aliyetia saini makadirio liwe hapo chini, si kwa ajili ya jela, ila ili kandarasi ya utafiti ijayo tujue tunampa nani.

Haya hayahitaji mkopo. Wala hayahitaji marekebisho ya katiba, ambayo wanasiasa wetu hupenda kuyapendekeza wakitaka jambo lisifanyike. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya habari, na sheria ya kuitekeleza ipo tangu 2016.

Nami nina mahali pa kuanzia. Machi 2023, Rais wa Italia alipozuru Nairobi, Rais Ruto alitangaza kwamba nchi mbili hizi zimekubaliana kuyafufua mabwawa yaliyokwama. Yaliyotajwa ni Itare, Arror na Kimwarer. Watu wa Bonde la Kerio wanahitaji maji kwelikweli, wameyangoja mabwawa hayo wakiona siasa zikipita juu ya vichwa vyao, na mtu asinisingizie kwamba naandika kuwanyima. Ndiyo maana nauliza kwa niaba yao kwanza, maana wao ndio watakaolala chini ya ukuta huo mvua kubwa ikinyesha. Ufa ule wa Kimwarer haujahama. Ripoti iliyoutaja ilikuwa na miaka 28 mwaka 2019, na inazidi kuzeeka. Nani ameenda kupima upya, lini, kwa pesa za nani, na karatasi yake tunaisoma wapi?